Hita ya Mama Furaha Iliyokataa Maombi

Nyinyi mnaoshika spana mkono mmoja na simu mkono wa pili, iwekeni hiyo simu chini kwanza. Sijasema muizime. Iwekeni mbali na mtungi. Nimemwona kijana, jina simtaji kwa sababu mama yake bado ananisalimia, akimulika gesi inayovuja kwa tochi ya simu na sigara iko mdomoni. Nikamuuliza, unatafuta nini? Akasema, natafuta tundu. Nikamwambia, mwanangu usihangaike, tundu lenyewe litakutafuta. Halafu nikatoka nje haraka, maana mimi bado nilikuwa napenda maisha.

Jina langu Selemani, mzaliwa wa Kigoma, fundi wa hita za gesi hapa Durban. Nilikuwa fundi, niseme hivyo. Sasa magoti yamegoma na ngazi za maghorofa hazinitaki tena. Wakongo wa Albert Park waliniita Papa Sele, na mpaka leo nikipita mjini kuna mtu atatoa kichwa saluni apige kelele, "Papa Sele, shofaji yangu!" Shofaji ndiyo hita kwao. Namjibu, mpigie fundi kijana, mimi niache niende kununua dawa ya magoti.

Watu wanasema Durban haina baridi. Anayesema hivyo hajakaa ghorofa la tano mwezi wa saba, upepo wa kusini unapenya chini ya mlango na umeme umekatwa. Ulipoanza kukatwa kwa zamu, mwaka 2008, watu wangu walichanganyikiwa. Waliotoka Bukavu na Lubumbashi walikumbuka mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, wakataka kuiwasha sebuleni. Nikawapigia kelele mpaka sauti ikakauka: makala ndani ya nyumba iliyofungwa ni kujichimbia kaburi na kulala humo. Basi wakakimbilia hita za gesi. Mnazijua, lile kabati la bati lenye magurudumu, mtungi unakaa nyuma, vigae vya mbele vinawaka vyekundu. Mimi nikapata kazi.

Kazi nilifundishwa na Anko Siva. Alikuwa Mhindi wa hapahapa Durban, na hapa Mhindi yeyote mwenye mvi ni Anko, undugu hauulizwi. Karakana yake ilikuwa kibanda nyuma ya duka la mapazia, mtaa wa Umbilo. Mzee mkali yule! Siku ya kwanza aliniuliza, utajuaje kama mpira wa gesi unavuja? Mimi kwa kimbelembele nikapeleka mkono mfukoni kutafuta kiberiti. Alinichapa mkono huohuo kwa brashi ya kunyolea ndevu. Brashi hiyo ndiyo ilikuwa kifaa chake kikubwa. Aliichovya kwenye maji ya sabuni, akapaka kila kiungo, akakaa kimya kungoja povu. Povu likivimba, hapo panavuja. Nimefanya kazi miaka yangu yote na brashi ya ndevu, na wateja walidhani nimekuja kuwanyoa.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kwamba gesi ya mtungi ni nzito, inatambaa chini kwanza. Ukiisikia puani umesimama wima, ujue miguuni imeshajaa. Usiwashe taa, na kama inawaka usiizime. Funga mtungi, fungua milango, toa watu. Ukishamaliza hayo ndipo uanze kumlaumu mwenye nyumba, muda utakuwa upo wa kutosha.

Na buibui! Msinicheke. Hita ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa inawaka moto wa njano, na moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu. Nikafungua kila kinachofunguka. Nikabadilisha mpira, nikabadilisha regileta, nikaipanga yote mezani mpaka nikasahau nini kinarudi wapi. Anko Siva akaja na mrija wa soda, akapuliza kwenye bomba dogo la kichomeo, puu! Akatoka buibui anatembea taratibu kabisa, kama mwenye nyumba anayeamshwa asubuhi. Wanapenda harufu ya gesi, wanajenga humo kiangazi chote watu wakiwa hawawashi. Kwa hiyo msimu wa baridi ukianza, kabla hujajitia profesa, puliza.

Sasa niwaambie ya Mama Furaha, maana ndiyo kazi iliyonifanya nianze kukagua nyumba kabla ya kukagua hita.

Mama Furaha alikuwa mjane wa Bukavu, anauza vitenge mjini, mama mnene mwenye sauti ambayo akisema "Aleluya!" ghorofa la tano, teksi zinapunguza mwendo barabarani. Aliishi Albert Park na binti yake Furaha, msusi wa saluni, na mjukuu wake Plamedi, kitoto cha miezi michache, mashavu hayo! Kila Jumamosi alasiri sebule yao inageuka chumba cha maombi. Wanakuja mama wauza mboga, walinzi wanaotoka zamu, wanafunzi, na kijana mmoja aitwaye Didi, mtengeneza simu, ambaye alikuwa ndiye mpiga ngoma na ndiye mkaribishaji wa mlangoni.

Waliniletea hita yao Umbilo kwa kuisukuma barabarani kwa magurudumu yake. Haki ya Mungu. Didi anasukuma, Mama Furaha anaongoza mbele na mwavuli, na kwenye robot, zile taa za barabarani, ilipowaka nyekundu walisimama pamoja na magari.

"Papa Sele," akaniambia akihema, "hii shofaji iko na shida. Tukianza maombi inawaka muzuri. Tukifika katikati, inazima. Yenyewe! Hakuna mutu ameigusa."

"Na siku za kawaida?"

"Siku za kawaida iko sawa. Inazima tu kwa maombi." Akaniinamia sikioni. "Papa, tuliinunua okazo, imetumiwa na batu bengine. Hatujui ilitoka kwa nani."

Nikaelewa anataka kuniambia nini. Hita ina pepo. Walikuwa wameshaikemea wiki mbili, na juu ya kuikemea waliipaka mafuta ya upako kwenye vigae, yakaungua, sebule nzima ikajaa moshi na watu wakasema pepo linatoka. Nilisugua vile vigae asubuhi nzima. Vijana, mteja akitaka kuiombea hita hamna ubaya, lakini mwambieni mafuta apake kwenye magurudumu.

Nikaikagua. Mpira mzima, povu halivimbi, moto wa buluu safi, buibui hakuna. Ikawaka pale kibandani mpaka saa ya chakula, mlango uko wazi, haijatetereka hata kidogo. Didi akasema, "Kwako inaogopa, Papa." Nikawarudishia. Jumamosi ikazima. Nikabadilisha ile ncha ya shaba inayoota kwenye pailoti, yaani ule moto mdogo wa kuanzia. Jumamosi ikazima tena. Sasa jina langu likaanza kuchafuka Albert Park. Mmoja anasema Papa Sele amezeeka. Mwingine anasema ni kwa sababu yeye ni Mwislamu, hita ya maombi haimkubali. Nikasema jamani, hita imetoka kiwandani, kiwandani hawakuiuliza dini.

Nikaenda kumlilia Anko Siva. Alikuwa anakula mkate na achari, hakunitazama.

"Kwako inakohoa?" akauliza.

"Haikohoi."

"Kwao inakohoa?"

"Kila Jumamosi."

"Basi mgonjwa ni nyumba. Umeenda kuiona nyumba?"

Sikuwa nimeenda. Nikaenda Jumatano. Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa tangu enzi, nikapanda ngazi na boksi langu huku nalitukana kila ghorofa kwa zamu yake. Nikakuta sebule safi, madirisha wazi, nguo zinapepea nje, hita inawaka vizuri kabisa. Nikapewa chai na maandazi yao, wao wanayaita mikate. Nikapewa pia Plamedi nimpakate, naye hakuchelewa, akanikojolea suruali ya kazi. Tukacheka sana.

Nikawauliza kuhusu maombi yao. Mama Furaha akanieleza kwa furaha kwamba siku hizi Roho anashuka kwa nguvu kuliko zamani.

"Kichwa kinauma kwanza," akasema. "Kisha miguu inaregea. Kisha batu banaanguka, mumoja, wawili. Jumamosi ile hata Papa Deo alianguka, na yeye ni mutu wa kusinzia tu!"

"Na kichefuchefu?"

"Ndiyo! Umejuaje?"

Furaha akamchukua mtoto wake mapajani kwangu, akambusu. "Na huyu ni mutoto wa Mungu, Papa. Bana bengine banalia, banasumbua. Yeye maombi yakianza analala. Hata ngoma ipigwe. Kumwamusha ni kazi."

"Pasta wetu mudogo," bibi yake akasema.

Wote wakacheka, mimi sikucheka. Nikauliza, wakati wa maombi mnafunga madirisha? Mama Furaha akasema kidogo, kwa sababu ya baridi. Halafu akashusha sauti, akanionyesha ukuta wa pili kwa kidole. Nyuma ya ukuta ule alikaa MaKhumalo, mama wa Kizulu anayefanya zamu ya usiku kwenye chumba cha kufulia nguo hospitali. Mchana ndio usiku wake. Alishalalamika kwa mwenye jengo kuhusu nyimbo na ngoma, na mwenye jengo amemwambia Mama Furaha, lalamiko moja tena, unatoka. Unatoka na binti na mjukuu, uende wapi?

"Lakini tumepata dawa," Mama Furaha akasema kwa kujidai. "Sasa hatusikiki kabisa."

Nikawaeleza vizuri, kwa Kiswahili cha kwetu na cha kwao. Moto unakula hewa kama mtu. Hewa ikipungua chumbani, ule moto mdogo wa pailoti unayumba, unaiacha ile ncha ya shaba, na gesi inajifunga yenyewe. Imetengenezwa hivyo makusudi. Hita ikizima ni kwamba inawaambia tokeni nje mpumue. Na moto unaowaka bila hewa ya kutosha unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu; inaanza na kichwa, inakuja kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi, basi. Watoto inawawahi kwanza. Nikasema acheni dirisha wazi, upana wa kiganja, kila mnapowasha.

"Ndiyo, Papa," akasema. Ile ndiyo mnaijua. Ndiyo hiyohiyo ambayo mimi nampa daktari akinikataza chumvi.

Kabla sijaondoka niliangalia ukutani juu, mahali ambapo nyumba zile zinakuwa na tundu la hewa. Palikuwa na kalenda kubwa ya milima yenye theluji. Mtu wa heshima hafunui kalenda za watu. Nikashuka ngazi.

Jumamosi mchana niko kibandani, mvua inanyesha, umeme umekatwa, simu ikalia. Mama Furaha, furaha tupu.

"Papa Sele! Shofaji imepona! Didi ameitengeneza jana. Tumeiwasha leo kabla ya ibada, haizimi tena hata kidogo!"

"Ameitengenezaje?"

"Ile kadude kenye kanaizima, amekafunga. Sasa hakana kazi. Bon, tunaanza, ninazima simu."

Akazima. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena. Jasho lilinitoka na baridi ile. Mnaelewa kilichotokea? Kitu kimoja tu kilikuwa kinawaokoa watu wale kila Jumamosi, nacho ndicho kimefungwa. Didi alikuwa na mikono mizuri, simu iliyoanguka chooni anaifufua, lakini kwake kitu kinachozima kingine ni ubovu, basi. Nikawaza kile kitoto kinacholala maombi yakianza. Nikaona miguu yangu iko nje, na spana kubwa iko mkononi, sijui niliichukua ya nini.

Teksi ilinifikisha karibu tu. Robot zote zilikuwa zimekufa kwa sababu ya umeme, magari yamefungana, kila mtu anapiga honi. Nikashuka nikakimbia. Mzee mwenye mvi, mvua inanyesha, spana juu, anakimbia anasema "Ya Rabi, Ya Rabi." Watu Albert Park walinipisha vizuri sana. Muuza ndizi mmoja alinirushia mkungu mdogo bila kuombwa, akainua mikono. Niliurudisha baadaye, wiki nzima ikapita kabla hajaniamini.

Ghorofa la tano sikusikia kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nyumba ya Mama Furaha, Jumamosi alasiri, haisikiki. Nikaweka sikio mlangoni: kwa mbali sana ngoma, inapigwa polepole, inakosea. Nikagonga kwa spana. Mlango ukafunguliwa kwa shida, unang'ang'ania, pembeni zote umebandikwa utepe wa gundi. Didi, macho mazito, uso mwekundu.

"Papa Sele, ibada inaendelea. Toa viatu."

Nikamsukuma nikaingia na viatu vyangu vya matope. Jamani! Blanketi kila dirisha, zimepigiliwa misumari. Chini ya milango magunia ya nguo. Ndiyo ile dawa yao ya kutosikika. Hita katikati inawaka moto wa njano, masizi yamepanda mpaka juu ya kabati. Watu wako chini, mmoja huku, wawili kule, wengine wameegemea ukuta wanaimba midomo haifunguki. Papa Deo amelala chali na Biblia kifuani. Na Furaha amekaa karibu kabisa na hita, kichwa kimeinama, mtoto mgongoni ndani ya kitenge.

Nikazima hita, nikafunga mtungi. Mama Furaha akanyanyuka akiyumba, kidole juu.

"Papa Sele! Unazima moto, Roho anashuka!"

Ningemwambia nini? Ningeanza somo la hewa, tungemaliza tumelala wote. Nikapaza sauti.

"Mama, huyo Roho anaogopa upepo?"

Akanitazama. Kichwa kinamuuma, naona, anakunja macho. Lakini alikuwa mwanamke wa akili yule, na swali la Mungu hakuwahi kulikimbia.

"Roho haogopi kitu," akasema.

"Basi twende naye nje barazani. Akiwa Roho, batu bataanguka na kule. Wasipoanguka, ni hita. Mama, tujaribu, kwa ajili ya huyu mtoto."

Akashika blanketi la dirisha kwa mikono miwili akalivuta mpaka misumari ikaruka. "Bote inje!" akanguruma. "Inje! Didi, beba Papa Deo!" Didi akajaribu kumbeba Papa Deo, akaanguka juu yake, na Papa Deo akafumbua jicho moja akauliza kama chakula kimeshatolewa. Nikaingiza mikono kwapani, nikamvuta mmoja, nikarudi kwa mwingine, pumzi nimeibana. Njiani bega langu likagonga kalenda ya milima ikaanguka. Nyuma yake tundu la hewa limeshindiliwa sponji la godoro, limekaa vizuri kabisa, kazi safi. Nikaling'oa kwa spana. Angalau spana ilipata kazi.

Kwenye baraza ya nje ile ya jengo, upepo na mvua vinapiga, tukawapanga watu ukutani. Wakaanza kukohoa, kutapika, kushika vichwa, kuulizana majina. Hakuna aliyeanguka tena. Papa Deo alipoulizwa anajisikiaje, akasema anasikia baridi na njaa, tukajua huyo amepona.

Sasa, wengi mnaniuliza Mama Furaha alisema nini baadaye. Alisema hivi, na alisema mbele ya kundi lake lote, wiki zilizofuata, dirisha liko wazi na watu wamejifunga blanketi zilezile mabegani: "Mungu alikuwa anazima shofaji kila Jumamosi, na sisi tulikuwa tunaiwasha tena." Mimi nasema ni ile ncha ya shaba. Yeye anasema ni Mungu. Hatujagombana, na ngoma wameiacha, wanapiga makofi ya polepole. Didi alikuja kibandani akiwa na aibu, nikampa brashi ya ndevu na maji ya sabuni, akashinda siku nzima anapaka viungo. Leo ana karakana yake, na ukimwomba afunge kile kidude anakufukuza.

Lakini pale barazani bado hatukuwa tumemaliza. Furaha alikuwa amekaa chini anatetemeka, amemfungua mtoto mgongoni, amemlaza mapajani. Plamedi hakuamka. Uso una rangi nzuri, mashavu mekundu, na msidanganyike na mashavu mekundu maana ile sumu ndivyo inavyofanya. Alipumua, lakini kidogo, unaweka kiganja ndipo unaisikia pumzi. Furaha anamwita kwa jina, anampiga vidole vya miguu. "Plamedi. Plamedi, amuka. Papa Sele, haamuke." Mimi niliyemkemea kila mtu kuhusu hewa, nikapiga magoti kwenye yale maji ya mvua na nikalia, wazi wazi, mbele za watu.

Mlango wa pili ukafunguka kwa kishindo. MaKhumalo, gauni la kulalia, kitambaa kichwani, macho ya mtu aliyeamshwa katikati ya usiku wake. Alikuja kulalamika. Ilikuwa wazi, mkono alishauweka kiunoni.

"Hawu! Tena? Leo nitampigia..." Akaona watu ukutani. Akaona mtoto.

Hakuuliza swali. Alichuchumaa na ule mwili wake, akamchukua Plamedi kutoka mapajani kwa mama yake, akamvua kofia na sweta, akampeleka pembeni kabisa ya baraza ambako upepo unaingia wote. Akamsugua mgongo kwa kiganja, akamgeuza, akamsugua kifua, anaongea naye Kizulu chini chini. Kwa bega alikuwa ameshika simu, anawaita watu wa hospitali yake walete gari. Mama Furaha, wa Aleluya, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Plamedi akakunja uso. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Kisha kikatoka, kwanza kidogo, halafu kilio kamili, cha hasira, kilichoshuka ghorofa zote mpaka barabarani. Furaha akamkimbilia, na kwa mazoea, kwa hofu ya jirani, akamwekea kiganja mdomoni. "Shii, shii, mama analala."

MaKhumalo akauondoa ule mkono.

"Makakhale," akasema, mwache alie. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Makakhale, makakhale!"

Plamedi alilia tukishuka ghorofa zote tano, alilia ndani ya gari, alilia mpaka mlango wa hospitali, na hakuna hata mmoja wetu aliyemnyamazisha.